Funguo Kumi na Moja na Jino la Kwanza la Ndanu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliofika mapema, asifiwe na sisi tuliochelewa maisha yote. Mimi ni Baba Ndanu. Mke wangu Mwikali ndiye huyo aliyeketi karibu na dirisha, na huyo anayetafuna kona ya kitabu cha nyimbo mapajani mwake ndiye nitakayemzungumzia asubuhi hii.

Mimi ni mtu wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la saba, wala hakuna aliyenifukuza. Lori la viazi lilipita mbele ya lango, nikataka kujua viazi huenda wapi. Nikadandia. Viazi vilikuja Nairobi, nami nikaja navyo. Nimebeba magunia katikati ya mji, nimeosha magari Westlands, nimekata nyasi Muthangari. Kila kazi nilitaka kujua inavyofanywa, na nikishajua, naondoka. Kila chumba nilichopanga nilitoka bila kuaga, na ufunguo nikaenda nao. Nilipenda tu kuzisikia funguo zikilia mfukoni. Zilifika kumi na moja.

Kisha nikampata Mwikali, mshona mapazia kutoka Machakos, na Mungu akatupa Ndanu. Tukapanga chumba Mountain View. Ufunguo wa chumba hicho sikuutia pamoja na wenzake. Niliuweka peke yake katika mfuko wa shati. Sikujiuliza kwa nini. Mimi ninayeuliza kila kitu!

Ndanu alipofikisha miezi mitatu, Mwikali alirudi kazini Parklands, nami sikuwa na kazi. Basi nikalea mimi. Vijana wa stegi ya matatu waliponiona na leso mgongoni walipiga kelele: "Niaje, Mama Ndanu! Unanyonyesha saa ngapi?" Nikacheka nao. Kumbe kulea kulinifaa, maana kila siku kuna jipya. Nilijifunza kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Nilijifunza kumpapasa mgongo mpaka acheue. Maziwa aliyokamua Mwikali tuliyaweka kwenye friji ya jirani yetu Mama Zuhura, Mwislamu wa Mombasa auzaye mahamri mlango wa pili.

Ndanu alipofikisha miezi mitano, mate yakaanza kumtiririka kama bomba lililolegea. Akatafuna ngumi, leso, kidevu changu. Mwikali akaleta pete ya raba. "Hii ndiyo ya kutafuna, Baba Ndanu. Uioshe na maji yamechemka. Asipewe kitu kingine." Nikaitikia vizuri sana. Raba ikapotea kabla ya wiki kuisha. Nikaona haya kusema. Siku moja alilia mpaka akakauka sauti, nikampa funguo zangu. Akanyamaza! Chuma baridi juu ya fizi, akafumba macho kwa raha. Tangu hapo akawa anatafuna vyumba vyangu vyote, kimoja baada ya kingine, na kabla Mwikali hajafika nyumbani nazificha.

Ndugu zangu, wiki iliyofuata mtoto akaanza kuhara. Asubuhi Mwikali alimwacha akiwa na joto kidogo tu. Kufika saa sita alikuwa ametapika, amelegea, hata kulia halii. Mama Kioko wa chumba cha juu, aliyelea watoto sita, akaja akambonyeza ufizi.

"Ona hapa, hii nyeupe. Hii mtoto iko na meno ya plastiki. Ukingoja jioni utaizika. Kuna mama hapo Kangemi anatoa, dakika mbili tu. Wangu wawili walitolewa."

Simlaumu. Alisema hayo machozi yakimtoka. Wengi hapa mmeyasikia hayo meno, yanayosemwa kuwa huua mtoto yasipong'olewa, na wengine mmewapeleka wenu. Nami nilimfunga Ndanu mgongoni nikaenda.

Yule mama alikuwa na kigoda, beseni na waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa ncha. Nikampa mtoto wangu kwa mikono hii. Akamlaza mapajani, akamfungua kinywa. Waya ukakaribia. Hapo swali likanitoka, kama yanavyonitoka siku zote.

"Mama, hayo meno huingiaje?"

"Ni chakula ya siku hizi."

"Na huyu hajaonja chakula bado."

"Basi ni ya mama yake. Shika miguu."

"Na yale umetoa jana yako wapi?"

Akaonyesha kifuniko cha kopo kwa kidevu. Niliinama. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili vidogo, vyeupe, laini. Ndugu zangu, mimi nimebeba mahindi miaka mingi, na punje changa naijua. "Mama, hii si plastiki. Hii ni mbichi. Ni jino ambalo halijakomaa. Ukilitoa, mtoto ataota lingine?"

Akaweka waya chini. "Wewe ni baba ama ni wakili? Nimetoa meno ya nusu ya Kangemi, hakuna mwanaume ameniuliza swali! Chukua mtoto yako. Mtu ya maswali simfanyii kazi." Akanirudishia Ndanu, akanisukuma nje.

Nimefukuzwa mahali pengi kwa sababu ya mdomo huu. Lakini kufukuzwa kwa neema, ni siku ile tu! Haleluya!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pagumu. Nilirudi hadi kwa Mama Zuhura nikamwambia, "Nishikie mtoto mara moja." Haikuwa mara moja. Nilitaka kwenda stegi nipande gari la Nakuru. Niliogopa mtoto afie mikononi mwangu, niliogopa macho ya Mwikali, na kuondoka ndiyo kazi pekee niliyoijua vizuri. Nilikuwa nimeifanya mara kumi na moja.

Mama Zuhura alimpokea, akampapasa kichwa, akapaza sauti. "Wee Baba Ndanu, waenda wapi? Njoo utazame! Utosi umebonyea. Alikojoa lini?"

Nikapapasa nguo yake: kavu.

"Mtoto amekauka huyu! Twende kliniki sasa hivi." Akafunika mahamri yake kwa kitambaa, akamweka Ndanu tena kifuani pangu. "Mbebe wewe. Ndiwe babake." Hakuniuliza kama nataka. Njiani yeye aliomba kwa dini yake, mimi kwa yangu, na miguu ikaenda pamoja.

Nesi alimpima, akanipa kikombe cha maji ya dawa ya kuhara na kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, uendelee." Kisha akauliza, "Huyu hutafuna nini?" Nikatoa funguo. Benchi lote likacheka.

"Landilodi!" akasema nesi. "Una ploti ngapi za kupangisha?"

"Hata moja, sista."

Naye hakucheka tena. "Meno huwasha fizi, yanamtoa mate, lakini hayamharishi mtoto hivi. Uchafu ndio humharisha, na hizi zina uchafu wa Nairobi nzima. Na hii nyeupe umeonyeshwa ni jino lake la kweli, bado limelala. Liache lilale."

Mwikali, aliyepigiwa simu na Mama Zuhura, alifika mbio, nyuzi za mapazia zimemganda kwenye gauni. Nilimwambia yote: raba, funguo, waya, hata gari la Nakuru. Akamgusa Ndanu utosini. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kikombe bado kina maji. Mpe kijiko kingine."

Nikampa. Kijiko baada ya kijiko, alasiri nzima. Na jua lilipofika dirisha la magharibi nikahisi joto kifuani. Ndanu alikuwa amekojoa! Amenilowesha shati lote, mfuko na ufunguo uliokuwamo! Nesi akapiga makofi. Nililia mbele za watu, ndugu zangu, mtu mzima, nanuka mkojo, namsifu Mungu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda mjini kwa fundi wa funguo, nikamwachia zote kumi na moja. Akauliza ni za wapi. Nikamwambia, "Huko nilikotoroka." Pete ya chuma iliyozishika niliichemsha, nikatia ufunguo mmoja, wa chumba chetu. Uko hapa. Mtoto haugusi! Anatafuna raba mpya, nami naiosha.

Na juzi, nikimpa uji, kijiko kikalia kinywani mwake: ti! Nikachungulia. Jino! Chini, mbele, dogo kama punje ya mchele. Likaniuma kidole, nikamshukuru Mungu kwa maumivu hayo.

Ndugu yangu, kama una mtoto anayehara leo, mpeleke kliniki, na maombi uyafanye ukiwa njiani. Na kama kuna mwenzangu hapa aliye na ufunguo wa nyumbani mfukoni, na miguu tayari kutoroka, usiogope. Yesu anawapokea hata wanaoogopa kubaki. Njoo mbele tuombe pamoja. Mimi sitaondoka, nitakungoja hapa hapa.