Hapo Pana Mtu: Wasifu wa Marehemu Mzee Kadi

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumapili, tarehe 16 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji. Alikuwa mtoto wa maswali. Kaka yake anasema hata saa zilizoletwa kutengenezwa zilikuwa zikimwogopa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 akahitimu chuo kikuu katika sayansi ya kompyuta. Darasa zima lilikuwa na kompyuta nne, hivyo alijifunza kuandika programu kwa penseli huku akisubiri zamu yake.

Januari 1994 aliajiriwa na kampuni ya bima kama mwandishi wa programu. Wakati huo wachambuzi walikaa ghorofa ya tatu, waandishi wa programu ya pili, na wapimaji wa mfumo chini karibu na jenereta. Kosa dogo lilipanda na kushuka ngazi mwezi mzima. Mwaka 2009 alipewa kazi ya kupanga timu upya. Alikunja mikono ya shati, akabeba meza mwenyewe, akawaketisha watu saba saba pamoja: mchambuzi, waandishi, mpimaji, na mtu wa madai aliyejua mteja analia nini. Kazi ilikatwa vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande na kadi yake ukutani. Ndipo walipomwita Mzee Kadi. Kila asubuhi, saa tatu kasorobo, timu ilisimama duara na kila mtu akajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na nini kimekukwamisha?

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1996 na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti wawili. Lile swali la tatu alilileta mpaka jikoni.

"Mama watoto, nini kimekukwamisha?"

"Wewe hapo, umesimama mbele ya jiko."

Lipo jambo ambalo mwenyewe aliomba lisifichwe siku hii. Mei 2011 timu moja ilikuwa na watu wanane na nyingine sita. Ili hesabu ikae sawa, alimhamisha kijana mmoja mwandishi wa programu, waliyemwita Kimya, akamtenga na rafiki ambaye kijana huyo alizoea kumuuliza mambo kwa sauti ya chini. Alimhamisha kama alivyokuwa akihamisha kadi. Katika duara jipya, Kimya alijibu swali la tatu kwa neno moja: "Hakuna." Asubuhi tisa, hakuna. Ya kumi hakuja. Aliacha barua ya mistari miwili, simu yake haikupatikana tena, na chumba alichopanga kilikutwa kitupu. Kwenye kompyuta yake walikuta kazi ileile imeandikwa na kufutwa mara arobaini na moja.

Tangu hapo marehemu aliacha upenyo wa mtu mmoja kwenye duara, kushoto kwake. Mgeni akisimama pale, alimgusa bega: "Sogea kidogo, mwanangu. Hapo pana mtu." Wageni walicheka, kisha walimtazama usoni wakaacha. Zamu ya upenyo ilipofika, aligeukia kushoto, akangoja kidogo, ndipo akaendelea. Baada ya miaka michache hakuna aliyethubutu kukatiza pale. Wote walipita pembeni.

Novemba 2023 alianza kukonda. Mpimaji wa siku nyingi, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, alimwona kwenye duara mgongo ukutani.

"Mzee Kadi, umesimama au umeegeshwa?"

"Nimesimama, Shangazi."

"Na kilichokukwamisha?"

"Hakuna."

Nyumbani pia, hakuna. Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, alianguka ngazini ofisini. Daktari alikuta saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea, akamuuliza maumivu yalianza lini. Alianza kufunga vifungo vya shati hadi mkewe alipomwambia, "Mjibu daktari, baba."

"Tangu Novemba."

"Na asubuhi zote zile ulisema hakuna?"

"Nilisema. Sasa nimemwelewa yule kijana. Neno lile linatoka lenyewe, mke wangu."

Siku mbili kabla ya kufariki alimwita Shangazi kitandani. "Pengo langu lifungeni siku ileile," alimwambia. "La kijana liacheni."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa moja asubuhi, mkewe na binti zake wakiwa kando yake. Saa tatu kasorobo timu ilisimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. "Sogeeni," Shangazi alisema, "alituagiza." Wakasogea, mabega yakagusana pale alipokuwa akisimama. Upenyo mwingine ulibaki. Zamu yake ilipofika, wote waligeuka, wakangoja.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, kaka, na timu iliyosimama hapa leo. Kimya, ikiwa tangazo la msiba lilikufikia nawe uko huko nyuma, sogea mbele. Kushoto kwa jeneza tumekuachia nafasi.

Lala kwa amani, baba. Tunakuuliza kwa mara ya mwisho nini kimekukwamisha, na safari hii jibu lako tutaliamini.