Brigitha Nikodemu na Tamasha Lake la Jumapili

Wapendwa ndugu, majirani na waombolezaji wote, leo Jumatano tarehe 22 Oktoba 2025 tunamsindikiza dada yetu Brigitha Nikodemu, mama Rosemery, fundi cherehani wa Lipangalala. Ninayesoma ni Agnella, mdogo wake wa mwisho. Kazi hii alinipa mwenyewe mwezi wa nane akiwa kitandani. Alisema mwanawe Alex ataanza kulia kabla hajafika kwenye habari za shule, na Rosemery atafupisha ili watu wawahi chakula. "Wewe una mdomo, soma wewe," aliniambia. Nami nimetii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 huko Kivukoni, kando ya mto Kilombero, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Nikodemu, mvuvi, na mama yetu Aurelia. Utotoni, pantoni ilipogusa ukingo, watoto wenzake walikimbilia abiria kuwauzia samaki na ndizi. Yeye alisimama kutazama nguo. Jioni alimsimulia mama jinsi kola ya bwana mmoja ilivyokatwa na jinsi gauni la mke wake lilivyopindwa chini, huku samaki aliotumwa kuwauza wamerudi wote kwenye ungo na wameanza kunuka. Alichapwa kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja, na haikusaidia kitu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1977. Huko ndiko ilikojulikana kwamba dada yetu aliupenda muziki kuliko muziki ulivyompenda yeye. Aliimba kwa moyo wote na kwa sauti ambayo haikukaa mahali pamoja. Mwalimu wa kwaya alimsogeza mstari wa nyuma, kisha karibu na mlango, kisha akamkabidhi kazi ya kutunza sare. Hakununa. Alifumua sare zile moja baada ya nyingine na kuzirudia upya, na mwaka ule kwaya ilipendeza kuliko ilivyoimba. Mwaka 1979 na 1980 alijifunza ushonaji kwa masista hapa Ifakara, na mwaka 1981 akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja kule Kisawasawa.

Ni kwenye baraza hilo alipokutana na Anold Lukelo, kijana aliyetoka Njombe kuja kuendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Anold alileta ovaroli iliyochanika gotini. Baada ya wiki mbili akaileta tena, imechanika kwenye mfuko. Mara ya tatu dada aliigeuza juani, akaona mpasuko umenyooka mno.

"Kaka, hii nguo imechanika au imechanwa?"

Shemeji yangu, ambaye mnamjua wote kwa uchache wa maneno, alifikiri kwanza. "Imechanwa," akajibu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Septemba 1988, na Mungu akawajalia Rosemery na Alex. Mwaka 1994 walihamia Lipangalala. Shemeji aliondoka kila Jumatatu kwenda kwenye miwa na kurudi Jumamosi akiwa na vumbi jeusi masikioni, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia dada akilalamika juu yake, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nakuja kulieleza.

Mwaka 2008 mteja wake mmoja, mtafiti wa mbu kutoka Ulaya, alimaliza mkataba wake akagawa vitu. Jirani mmoja alipata friji, mwingine baiskeli. Dada alipata birika lenye ufa na diski moja ya kutazama kwenye deki. Diski hiyo ilikuwa na tamasha lililorekodiwa mbele ya watu, kwenye ua wa ngome ya mawe huko kwao. Wanamuziki walikuwa wamevaa mavazi ya Ulaya ya miaka mia nne au mia tano iliyopita. Nyimbo zenyewe, alivyoeleza yule mgeni, ni za kienyeji, zimetungwa siku hizi kwa kufuata mtindo wa enzi zile. Kulikuwa na gitaa lenye tumbo kama boga lililopasuliwa, filimbi za mti, fidla, ngoma ndogo, na sanduku la nyuzi linalozungushwa mpini kama mashine ya kusagia nyama. Wanaume walivaa suruali za kubana na kofia zenye manyoya ya ndege. Alex alicheka hadi akatolewa nje.

Hakuna kati yetu aliyeelewa neno hata moja la nyimbo zile. Dada alizipenda hivyo hivyo, na alizipenda sana. Kila Jumapili baada ya misa na chakula alivua futi shingoni, akakaa kwenye kiti chake, akaweka diski. Aliyekuwepo alikaribishwa, ila kwa masharti. Huruhusiwi kurusha mbele, hata pale wanapokaza nyuzi na hakuna kinachoendelea. Na wimbo ukiisha, watazamaji wa kule wakipiga makofi, na wewe unapiga. Mgeni akisita alimgeukia na kumwambia, "Wenzako wale wamelipa kiingilio. Wewe umeingia bure, umekalia kochi, unashindwa hata kupiga makofi?" Hata katekista alipiga.

Alipapenda zaidi mahali pamoja ambapo mpiga filimbi anaanza kabla ya wenzake. Mwimbaji anamtazama, mwenyewe anatoa filimbi mdomoni, wote wanacheka, watu wanacheka, wanaanza upya. "Wangeweza kupaficha hapa, wakapaacha," alikuwa akisema. "Wamefumua mshono mbele za watu, wakashona tena." Alisema kanda za studio ni nguo za dukani, lakini hii anamwona fundi akitoka jasho.

Kwa Pasaka ya mwaka 2011 kwaya yetu ya parokia ilimpa vitambaa vya sare, na hawakumuuliza atashona mtindo gani. Hilo lilikuwa kosa lao. Aliwashonea akina mama wote mikono ya tamasha, ile iliyovimba begani na kubana kiwikoni, na kamba za kukaza mgongoni. Walipendeza, hilo hakuna aliyelikana. Lakini walipoketi, benchi la watu kumi lilijaa kwa watu saba, na watatu wa kila mstari wakabaki wamesimama. Wakati wa wimbo wa Utukufu mwalimu wa kwaya alipoinua mikono, hakuna aliyemwona, maana kila mmoja alikuwa amezibwa uso na bega la mwenzake. Uongozi ulimwomba apunguze. Akawajibu, "Ongezeni benchi." Waliongeza. Mwaka uliofuata maharusi walianza kumfuata kutoka Mang'ula na Mlimba wakitaka "mikono ya Brigitha", na mikono hiyo ndiyo iliyowasomesha Rosemery na Alex.

Sasa nije kwenye lile jambo moja. Dada alitaka mume wake akae naye, watazame tamasha lile pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakutaka kitenge wala safari ya Dar es Salaam. Alitaka hilo tu. Na shemeji yangu, mtu mwema ambaye hajawahi kumwinulia sauti, hakukaa. Alipokuwa kazini alisema, "Wiki nzima nimeshinda na injini, masikio yamechoka." Alipostaafu mwaka 2018 tulidhani ameishiwa visingizio. Kumbe kulikuwa na kuku. Kulikuwa na mpunga, na mpunga una ndege, na ndege hao, kwa mujibu wa shemeji, walivamia Jumapili mchana tu. "Nitakaa siku nyingine," alikuwa akisema akiwa ameshavaa buti.

Wakati mwingine dada alilichekea. Lakini siku moja tukikunja vitambaa aliniambia, "Agnella, huyu mwanaume ninampenda, na ananipenda. Ila kitu kinachonifurahisha kuliko vyote hapa duniani ninakifurahia na majirani." Nilimsema shemeji kwa hilo, tena mbele za watu, na leo namsema tena kwa ruhusa ya marehemu.

Dada aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2016. Alijitahidi na dawa na chakula, ingawa chai yake ya sukari tuliifukuza nyumbani kwa vita. Mwaka 2022 macho yalianza kufifia. Alishona kwa kupapasa kwa muda, kisha mwaka 2024 akamkabidhi Rosemery cherehani. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 giza likawa kamili. Alilia siku hiyo, na sisi tulilia naye.

Jumapili iliyofuata sisi wote tulikuwa arusini. Dada alijiwekea tamasha mwenyewe kwa kupapasa. Wakati huo Alex alikuwa ameshalihamishia kwenye flashi, maana diski ilikwaruzika. Akakaa ameielekea runinga. Shemeji alikuwa anapita mlangoni na jembe begani.

"Anold, yule dada bado kavaa nyekundu au kashabadilisha?"

"Yupi?"

"Anayeimba."

Akachungulia. "Nyekundu."

"Mikono ikoje?"

"Mipana."

"Mipana kama nini?"

"Brigitha, mipana."

"Ingia ndani uangalie vizuri, baba. Mimi sioni."

Aliweka jembe chini akaingia. Haya alinisimulia dada mwenyewe, huku akicheka, kwamba hajawahi kusikia msimulizi mbaya namna ile. "Mmoja anapiga. Mwingine naye anapiga. Sasa wote." Lakini hakutoka hadi mwisho, na Jumapili iliyofuata hakungoja kuitwa. Akaanza kusema nani kasogea, nani kafumba macho, mshumaa upi umezimwa na upepo. Akaona hata ambavyo dada hakuwahi kuviona, kwa sababu yeye miaka yote alitazama mavazi. Kwenye safu ya nyuma ya watazamaji kuna mzee amesinzia, na mkewe anamfunika magoti kwa shali bila kuacha kutazama mbele. "Huyo mzee hayupo," dada alibisha. "Yupo. Tena sasa kaamka, anapiga makofi ya uongo." Walibishana juu ya mzee huyo mwezi mzima, na nilipoitwa kuwa shahidi nilimkuta mzee yupo kweli. Siku hiyo dada alimuuliza mumewe kwa nini alikataa kukaa naye muda wote ule. Shemeji alisema, "Niliona kama ni mahali pako. Nikadhani nikiingia nitapaharibu." Dada akamshika mkono, na mimi nikajitia kwenda kuangalia mboga.

Mwezi wa saba figo zilianza kushindwa. Alilazwa mara mbili, akahudumiwa vizuri, na mwishoni mwa Septemba akaomba mwenyewe kurudi nyumbani. Padri alimpa mpako wa wagonjwa tarehe 11 Oktoba.

Jumapili iliyopita, tarehe 19 Oktoba, baada ya chakula, shemeji alimweka vizuri kwenye mito akawasha runinga. Wanamuziki hawajaingia, umeme ukakatika. Tulingoja, haukurudi. Dada alikuwa anapumua kwa shida na sauti imebaki ndogo.

"Basi sema wewe," alimwambia.

Mimi na Rosemery tulikuwa uani tunapika uji, na dirisha lilikuwa wazi. Tulimsikia Anold Lukelo akilisema tamasha zima mbele ya runinga iliyozimika. Alisema wanaingia, wa ngoma mbele. Alisema gauni jekundu, na kamba za mgongoni zimefungwa upande. Alisema yule wa filimbi kawahi, wanacheka, wanaanza upya, na hapo tulimsikia dada akicheka kidogo. Aliendelea wimbo kwa wimbo bila kurusha. Uji ulipopoa niliingia nao. Shemeji alikuwa ameshafika pale watu wanaposimama, wanachukua makoti na kutoka getini, na yule mzee anaongozwa na mkewe. Alisema, "Ua umebaki mtupu," akanyamaza. Nilimgusa dada. Alikuwa ametuacha, na si muda ule, bali kitambo kidogo. Alifariki akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Marehemu Brigitha ameacha watoto wawili, Rosemery na Alex, wajukuu watano, na sisi ndugu zake watatu tuliobaki. Ameacha pia mume, mzee Anold Lukelo, aliyekaa mbele hapo. Jumatatu asubuhi, watu wakipanga viti, nilimfuata nikamuuliza, "Shemeji, wewe ulikuwa umemshika mkono. Hukujua kwamba ameshaondoka?"

"Nilijua," alinijibu.

"Sasa mbona hukutuita?"

"Zilikuwa zimebaki nyimbo mbili."

Ee Bwana, mpokee Brigitha, umpumzishe kwa amani yako. Amina.