Bi. Kanini Mutie na Shamba Lililopaliliwa

Bi. Kanini Mutie alistaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa Mbooni kwa miaka ishirini na saba. Wasifu wake ulikuwa usomwe siku hiyo, kabla ya chakula. Haukusomwa.

Alianza akiwa mchumaji wa kamomili, ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano, ambalo wengi huku huliita maua ya chai. Wakati huo wakulima hawakulitaka. Mzee Mbithi alimweleza waziwazi kwamba maua hayapikwi pamoja na maharagwe. Leo Mzee Mbithi analo kwenye matuta matatu, na kikombe chake cha jioni hakimpiti.

Baadaye Bi. Kanini alisimamia banda la kukaushia. Hakuruhusu ua lichumwe likiwa na umande, kwa kuwa huwa jeusi, wala lianikwe juani, kwa kuwa hupoteza harufu. Aliwahi kurudisha gunia la mwenyekiti mwenyewe, na mwenyekiti akalibeba hadi nyumbani kwa bodaboda. Hakushinda kila mara. Alipeleka miche Tulia, upande wa Kitui, ikachanua ikiwa na urefu wa kidole, kisha ikafa. Alisimama mkutanoni akasema Tulia kuna joto mno, akaketi.

Mwaka jana mbegu tulizonunua zilikataa kuota. Kwa hiyo msimu huu Bi. Kanini aliacha kipande kimoja nyuma ya banda bila kukichuma, maua yakomae na kutoa mbegu. Ndiyo mbegu pekee tuliyokuwa nayo kwa mvua za Oktoba. Kamomili iliyokomaa haipendezi: hukauka, huinama, huwa ya kahawia. Asiyejua huona magugu.

Majirani zake waliona magugu. Asubuhi ya sherehe mwethya wao, kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, ulifika kumpa zawadi ya kuagwa. Mwethya wa zawadi haumwombi mtu ruhusa. Bi. Kanini alipotoka bandani, kipande kizima kilikuwa kimeng'olewa na kurundikwa, na Kalunde, kiongozi wao na rafiki yake wa kanisani, ameshika kiberiti.

"Kalunde, weka hicho kiberiti chini," alisema. "Hiyo ndiyo mbegu."

Mmoja alicheka, akidhani ni utani wa mstaafu. Bi. Kanini aliketi chini, kwenye udongo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya saa za kazi. Tuliokuwa tukipanga viti tulibaki navyo mikononi.

"Mama Kasyoka," Kalunde alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "tulitaka usiache pori nyuma yako."

Bi. Kanini alitazama bondeni, ambako upepo huanza kabla ya adhuhuri. Mbegu ya kamomili ni kama vumbi. Upepo ukifika, imekwenda. Alisimama, akafungua leso yake kiunoni, akaitandaza. Wanawake wakafungua zao. Walikung'uta shina baada ya shina. Pasta alipofika aliwekwa kwenye pembe moja ya leso, na mwenyekiti, akiwa na suti, kwenye nyingine. Pilau iliungua.

Tuliokoa karibu nusu. Inatosha kwa kila mwanachama, akipanda kidogo.

Kabla ya kukabidhi funguo, Bi. Kanini aliulizwa nani atunze kipande cha mbegu. Alimtaja Kalunde. Baadhi yetu tulishtuka kwa mara ya pili siku hiyo. Alieleza kwa sentensi moja: "Huyu hatang'oa tena."

Kalunde amekwisha kukizungushia miiba.

Bi. Kanini, asante kwa kazi yako. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na shamba ambalo hakuna atakayelipalilia bila kukuuliza.