Mbavu za Gitaa la Mzee Népomuscène

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mzee Népomuscène anavua aproni katika karakana yetu ya useremala hapa bandarini Bujumbura. Ningependa kuandika kwa furaha zaidi, lakini sote tumechoka, na yeye ametuzidi.

Alianza mwaka 1978 kwa kugongelea masanduku ya bidhaa za kwenda Kigoma. Hakuna sanduku lake lililorudishwa limepasuka. Vikwazo vya nchi jirani dhidi ya Burundi vilipoanza mwaka 1996, meli zikaadimika, tukawa tunashinda tukitazama misumari. Ndipo Médiatrice, kiongozi wa kwaya moja ya mtaa wa Musaga, akatuletea gitaa lililobonyea uso. Mzee alilifungua taratibu kwa kisu chembamba. Ndani akakuta vijiti vilivyogundishwa chini ya ubao wa uso, viwili virefu vikiwa vimekatana. Akavichora vyote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaviita mbavu.

Gitaa la kwanza alilolitengeneza mwenyewe alilitia mbavu nene za mtu wa masanduku. Ungeweza kulikalia. Médiatrice alilipiga mara moja tu, akauliza, "Baba Népo, hii ni gitare ao ni sanduku ya samaki?" Tulicheka wiki nzima, Mzee hakucheka. Ilimchukua miaka miwili kukubali kwamba mbavu zinatakiwa kuushika uso na bado kuuacha utikisike. Akawa anazichonga kidogo kidogo, akigonga ubao kwa kidole na kusikiliza, mpaka aseme basi. Ukizidisha kuchonga, nyuzi zinaubomoa uso.

Magitaa arobaini na moja yametoka hapa, na kwa kila moja yeye ndiye aliyesema basi. Mimi, Hyacinthe, nimechonga kando yake miaka yote hiyo bila kulitamka neno hilo. Milio ya silaha ya miaka hii ya vita imemharibu masikio. Ndiyo sababu anaondoka, nami naogopa, sifichi.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea ubao wa gitaa la arobaini na mbili augonge. Akanirudishia. "Leo ni we utasema. Mi sisikiye tena." Akatoka, akakaa nje. Nilichonga, nikagonga, nikachonga tena, shati likalowa jasho. Kisha nikasema basi, peke yangu, nikapaka gundi.

Mzee, asante kwa yote. Tunakuombea wewe na mkeo, Mama Ernestine, siku nyingi za utulivu na usingizi usiokatizwa. Gitaa lile tumelitia nyuzi jana. Hukuuliza linaliaje. Linalia vizuri, Mzee. Nenda ukapumzike.