Injini Iliyolia Siku ya Sabato

Sabato njema, ndugu zangu. Mchungaji amesema niseme kwa ufupi, lakini mtu aliyenyamaza miaka mingi, mkimpa nafasi, mjue chakula kitapoa. Sitataja jina la mtu. Ninyi wenye umri wangu mnawajua wahusika, basi wajueni kimya kimya.

Uhuru ulipokuwa bado mchanga, mimi ndiye niliyeendesha mashine ya kusaga pale sokoni Ekerenyo. Tajiri wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki, na alikuwa na sheria moja isiyopinda. Jua la Ijumaa likizama, mkanda wa injini unavuliwa, haurudishwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Funguo nilikaa nazo mimi, na nilizionea fahari kuliko viatu vyangu.

Sabato moja, baada ya ibada, nimeketi kwa mama, akaja mjane mmoja na wimbi kikapuni. Alikuwa amekataa kurithiwa na shemeji yake, na tangu hapo ukoo ulimnyima hata moto wa kuazima. Jiwe la kusagia lilikuwa kwa mama mkwe wake, na mlango ule ulikuwa umefungwa. Ijumaa alipanga foleni kwangu, injini ikaharibika, na nilipomaliza kuitengeneza jua lilikuwa limezama. Nikamrudisha nyumbani na wimbi lake.

"Tata," akaniambia, kama mtu amwitaye baba kwa heshima, "mtoto wangu ameshikwa na surua. Amekuwa akikataa kila kitu. Leo amefungua macho, ameomba uji."

Nikamwambia jua bado halijazama. Akalitazama pale juu ya kilima. Angenibembeleza, labda ningepata nguvu ya kumkatalia. Mama yangu, ambaye hata chai hakuipasha moto siku ya Sabato, akaingia ndani akafunga mlango ili asione nitakalofanya. Nikachukua funguo.

Ndugu zangu, mnaijua injini ile. Haijui kunong'ona. Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nilisaga wimbi, nikaizima, mjane akaondoka mbio na unga wake. Nilipotoka, tajiri alikuwa amesimama nje na Biblia kwapani. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Kazi kwenda, hilo ningelibeba. Lakini mtoto alikunywa uji ule, na kesho yake akafariki. Hapo watu wakapata la kusema: mnaona, unga wa Sabato huo. Nikaondolewa ushirika. Mama akatoka benchi la mbele, akawa anakaa karibu na mlango. Nami, nisiwadanganye, niliamini kama wao. Niliamini mkono wangu ndio uliomuua mtoto wa watu.

Nikakimbilia Kericho kuchuma chai. Nikawa mlevi. Nikisikia mashine ya kusaga inanguruma popote, nilizunguka njia nyingine. Habari za ugonjwa wa mama zikanifikia, nikasema nitakwenda kesho, na kesho nikasema kesho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilipofika, mama alikuwa hamtambui mtu tena. Kando ya kitanda ameketi yule mjane, anamnywesha uji kwa kijiko. Hakuna aliyemtuma. Miguu ilitaka kurudi nyuma. Nikamwambia mjane nikiwa palepale mlangoni, "Mama, nisamehe kwa ajili ya mtoto."

Akaweka kijiko chini. "Nikusamehe nini? Surua ilishammaliza kabla hujaigusa injini. Dada yake ndiye aliyebaki naye siku ile. Anasema mlio uliposikika, mtoto alicheka, akasema, 'Uji wangu huo.' Alikunywa, akaomba tena, nikampa. Mwanangu hakufa na njaa."

Nililia kama mtoto mdogo. Miaka yote ile ningeweza kuja kumuuliza tu.

Mama alikufa wiki ileile, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiniita kwa jina la marehemu kaka yangu. Sikumsahihisha.

Pombe niliiacha kaburini pale. Aliyekuwa tajiri wangu alikuja mazishini, akanishika mkono asiuachilie kwa muda mrefu, na baadaye ndiye aliyesimama kanisani kuomba nirudishwe. Nawashukuru nyinyi mlionipokea. Sikusimama hapa kuwafundisha kuivunja Sabato, naipenda kuliko zamani. Nawaomba jambo moja: mkisikia mwenzenu amefanya lisilofanywa, kabla hamjasema neno, nendeni mkaulize alikuwa anamfanyia nani.

Na wewe mama, uliyeketi leo benchi la mbele, pale alipokuwa akikaa mama yangu. Sitakutaja. Katika mlio ule kijiji kizima kilisikia dhambi siku ile. Asante kwa kuniambia kwamba mwanao alisikia uji.