Sajini Mpishi Luhende Masele, 1953–2025

Ndugu waombolezaji, mimi ni Evelina, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Sajini mstaafu Luhende Masele, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Busisi, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1969, akalima pamba na wazazi wake, na tarehe 2 Februari 1974 akajiunga na Jeshi la Wananchi, ambako mwezi Agosti mwaka huohuo, baada ya mafunzo, alipangiwa upishi.

Hapo kwenye upishi ndipo kamati ya mazishi iliponitaka niruke. Baba mdogo Ngosha, mwenyekiti wetu, aliniambia jana, "Mwanangu, andika mpiganaji, inatosha, masufuria ya nini mbele za watu?" Baba mdogo, shikamoo, nilikusikia, lakini nasoma kama ilivyokuwa.

Katika vita vya Kagera marehemu alipikia watu mia moja na ishirini, akavuka mpaka pamoja nao, na tarehe 3 Machi 1979 kipande cha bomu kilimchana paja akiwapelekea wenzake maharage, jeraha ambalo wengi mmeambiwa ni la risasi, ila si yeye aliyewaambia.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Sabina Malimi, wakajenga hapa Pasiansi, wakajaliwa watoto watatu, Shimba, mimi na Queen, na siku Mama alipokuwa kwenye biashara yake Buzuruga, Baba ndiye aliyepara samaki na kusonga ugali, mlango wazi, kila mpita njia anaona. Basi ikawa limbwata, eti Mama kamlisha dawa ya mapenzi. Shangazi Ng'washi, dada yake Baba, alisimama uani hapa, nikisikia, akasema, "Mwanaume mzima anakoroga uji, huyu kalishwa kitu," na Baba akamjibu huku akimenya vitunguu, "Dada, aliyenilisha ni jeshi, kamuulize mkuu wa kikosi." Watu walicheka, lakini maneno yale yalimfuata Mama hadi kwenye kwaya, miaka zaidi ya thelathini.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania tarehe. Agosti 1974 Mama alikuwa na miaka kumi na tatu, yuko darasa la tano, hajui kama duniani kuna mtu anaitwa Luhende. Tukiufuta leo upishi wa Baba ili aonekane shujaa, tunamzika yeye na kumwachia Mama uchawi ambao hakuufanya.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1998, akaanza kuugua figo Februari 2024, akafariki tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokaa nasi msibani, na askari wenzake waliobeba jeneza, ambao hakuna hata mmoja aliyeona aibu kusema kwamba alikula chakula chake.

Mama amekaa pale kwenye mkeka, kulia kwa jeneza. Mliowahi kumsema, tukitoka makaburini mpeni pole kama anavyopewa mjane yeyote, na atakayekosa pa kuanzia, aanze na shikamoo.

Baba, pumzika kwa amani, imesomwa yote.