Meli ya Kuruka Angani

Kwenye treni ya asubuhi, seremala mmoja mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi alimwambia muuguzi aliyeketi kando yake kwamba jana alilia sinemani mbele za watu. Hawakuwa wakifahamiana. Mimi nilikaa mkabala nao, na gazeti langu halikuwa na habari tamu kuliko hiyo.

"Ni filamu ya watoto, dada yangu. Baba mmoja, mtu wa kazi tu, anarudi kwenye nyumba aliyokulia na kulikuta joka alilokuwa akicheza nalo utotoni. Muda wote huo lilikuwa linamsubiri! Mtu mzima nikabubujikwa na machozi."

"Na mtoto wako je?"

"Binti yangu keshakuwa mkubwa, alikuwa anachezea simu. Zamani alikuwa akiniletea vipande vya mbao karakanani: 'Baba, tutengeneze meli ya kuruka angani.' Namwambia subiri kwanza, nimalize kabati la watu."

Muuguzi akaguna. "Filamu zinatudanganya, kaka. Joka linasubiri kwa sababu limechorwa. Mtoto anakua huku wewe unapiga randa."

"Lakini jana tulipofika nyumbani nilimwambia, mwanangu, njoo tuitengeneze ile meli. Akacheka."

"Alicheka, au alikucheka?"

Treni ilikuwa inasimama. Seremala aliinuka na mfuko wake wa zana, watu wakimpita kila upande. "Sijui," akasema. "Sijui anavyocheka."